Mvua Imekukuta Rothenburg ob der Tauber: Namna ya Kuitumia Siku, Hatua kwa Hatua

Swali hili halikomi: "Nimeshakata tiketi ya Rothenburg, utabiri unasema mvua kutwa. Niahirishe?" Usiahirishe. Mji huu mdogo wa Bavaria una kitu ambacho miji mingi ya kale ya Ujerumani haina tena: ukuta wake wa ulinzi bado umesimama, njia ya walinzi juu yake imeezekwa vigae, na mgeni anaweza kutembea humo karibu kilomita mbili na nusu bila kufungua mwavuli. Hulipi kiingilio na huhitaji kuweka nafasi.

Kinachowaharibia watu siku ni mpangilio. Wanatoka stesheni mbio hadi uwanja wa soko, wanalowa, wanajibanza mkahawani kwa muda wa saa mbili, kisha wanapanda treni ya kurudi wakiwa wameona duka moja na mnara mmoja. Fuata mzunguko ulioelezwa hapa, nao unakwenda hivi: stesheni, lango la Rödertor, ukuta wa kaskazini hadi Klingentor, kanisa la St. Jakob, uwanja wa soko, makumbusho, Plönlein, ngome ya Spitalbastei, halafu ukuta wa kusini unaokurudisha Rödertor, dakika kumi tu kutoka kwenye treni yako. Muda unaotakiwa ni saa sita hadi saba.

Saa zilizotajwa humu zimeandikwa kama utakavyozikuta milangoni na kwenye ratiba za treni Ujerumani. 14:00 ni saa nane mchana, 20:00 ni saa mbili usiku. Zoea kuzisoma hivyo tangu nyumbani, maana kukosa treni kwa kuchanganya saa hutokea kweli.

VITU VYA KUWA NAVYO

Viatu kwanza. Barabara za mji wa kale zimetandikwa mawe yaliyolainishwa na magurudumu na nyayo, na yakilowa yanateleza kama sabuni. Vaa viatu vya kufunga kamba vyenye soli ya mpira yenye meno. Raba za kitambaa zitanyonya maji ndani ya nusu saa, na viatu vya soli laini ya ngozi viache kabisa.

Koti la mvua lenye kofia ni bora kuliko mwavuli. Mwavuli mdogo wa kukunja chukua, lakini kwa ajili ya barabarani tu. Juu ya ukuta hauna nafasi, na ndani ya makumbusho utauacha mlangoni.

Jozi moja ya soksi kavu, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Hiki ndicho kitu watu wanachokidharau kuliko vyote, na ndicho kinachookoa alasiri. Ongeza mfuko wa pili mtupu wa kutilia zile zilizolowa.

Sarafu. Tafuta angalau nne za euro moja na mbili za euro mbili, pamoja na za senti 50. Makabati ya kuwekea mabegi kwenye makumbusho mengi hutumia sarafu, ambayo unarudishiwa ukifungua. Vyoo vya umma hulipiwa kwa sarafu pia. Uwe na noti za 10 na 20, kwa kuwa baadhi ya mikahawa midogo haipokei kadi.

Simu yenye chaji kamili na programu ya hali ya hewa inayoonyesha rada ya mvua. WarnWetter ya idara ya hali ya hewa ya Ujerumani inatosha. Kama unavaa miwani, chukua kitambaa cha pamba cha kuifutia.

Tiketi. Ukitoka Nürnberg, Würzburg au München na wenzako, tiketi inayoitwa Bayern-Ticket kwa kawaida ndiyo rahisi zaidi: inabeba hadi watu watano, inatumika kwenye treni za mikoa tu, siku za kazi huanza 9:00, Jumamosi na Jumapili huanza usiku wa manane, na inakwisha saa 3:00 alfajiri inayofuata. Majina ya wasafiri huandikwa juu yake. Usipande nayo treni ya mwendo kasi, ICE. Faini haitazingatia kwamba wewe ni mgeni.

HATUA KWA HATUA

1. Jua ni mvua ya namna gani.

Asubuhi kabla ya kutoka, soma neno lililoandikwa kwenye utabiri. Schauer ni mvua ya vipindi: inapiga dakika kumi au ishirini, inakatika, inarudi. Nieselregen ni manyunyu. Dauerregen ni mvua ya kutwa isiyo na papara, na Gewitter ni radi. Mvua ya huku haimwagiki kwa kishindo kama ya masika kisha jua likatoka. Mara nyingi hunyesha kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni, na baridi yake huingia mwilini polepole, kwa hiyo usisubiri "ipite" ukiwa umekaa hotelini.

Kama ni Schauer, fungua rada ya mvua kila saa moja na utafute pengo la dakika thelathini. Pengo hilo litunzie uwanja wa soko na Plönlein, ambako hakuna paa. Kama ni Dauerregen, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake bila kubadilisha. Radi ikitangazwa, soma sehemu ya matatizo hapo chini.

2. Fika kwenye Rothenburg iliyo sahihi.

Tafuta jina kamili, Rothenburg ob der Tauber. Ujerumani kuna Rothenburg nyingine mashariki kabisa, karibu na mpaka wa Poland, na kuna Rottenburg am Neckar iliyo mbali na hapa. Kosa la herufi chache linaweza kukupeleka mkoa mwingine.

Kutoka Würzburg au Nürnberg utabadilisha treni mahali panapoitwa Steinach bei Rothenburg. Ukitoka Nürnberg utapita kwanza Ansbach. Treni ndogo ya kutoka Steinach inachukua takriban robo saa na kwa kawaida huenda mara moja kwa saa, kwa hiyo ukiikosa utasubiri. Stesheni ya Steinach ni ndogo: vaa koti kabla ya kushuka.

Mizigo mikubwa iache kwenye makabati ya stesheni kuu ya Würzburg au Nürnberg. Sanduku la magurudumu juu ya mawe yaliyolowa ni adhabu, na ukutani halipandi.

3. Panda ukuta Rödertor na uelekee kaskazini.

Kutoka stesheni fuata mabango yanayosema Altstadt, yaani mji wa kale. Baada ya kama dakika kumi utafika Rödertor, lango la mashariki. Pita chini ya lango, kisha tafuta ngazi za mawe zilizogandamana na ukuta upande wa ndani. Zipande ukishika ukuta au kishikio. Ngazi hizi hazina paa kote, na ndizo mahali pa kwanza wageni wanapoanguka.

Ukishafika juu, funga mwavuli. Njia ni nyembamba, sakafu yake ni mawe na mbao, upande wako mmoja ni ukuta wenye matundu ya kulengea shabaha, na upande wa pili ni uzio wa mbao unaotazama mapaa ya mji. Mambo matatu ya kuzingatia:

Boriti ni za chini. Ukiwa na urefu wa zaidi ya mita 1.75, tembea ukiangalia mbele na si kwenye simu. Kofia ya koti ivue, maana inakuzibia macho kwa juu na hapo ndipo paji la uso linapogonga.

Mvua inaingia upande ulio wazi. Upepo ukivuma kutoka mjini, sogea ukutani. Ukivuma kutoka nje ya mji, njia yote inakuwa kavu.

Kupishana kunahitaji subira. Mwenye mtoto au mzee hupewa upande wa ukuta. Wewe simama, egemea, mwache apite.

Ukielekea kaskazini utaona vibao vya mawe vyenye majina ya watu na makampuni, vingi vikiwa vya Wajapani na Wamarekani. Visome. Tarehe 31 Machi 1945 ndege zilishambulia mji huu kwa mabomu. Upande wa mashariki uliungua na mamia ya mita za ukuta yalianguka. Baada ya vita watu wa nchi mbalimbali walichangia pesa za kujenga upya, mita kwa mita, na majina yao yakachongwa hapo. Kwa hiyo sehemu unayotembea ikilindwa na paa ililipiwa na wageni kama wewe.

Utapita lango la Galgentor na kuendelea hadi Klingentor, pembe ya kaskazini magharibi. Kwa mwendo wa kutazama ni dakika 40. Shuka hapo. Upande wa magharibi, unaotazama bonde la mto Tauber, hauna njia ya juu yenye paa, na bustani ya Burggarten iliyo upande huo iache leo. Njia zake huwa na matope, na mandhari ya bonde kwenye ukungu hayaonekani.

4. Ingia St. Jakob kupitia Klingengasse.

Ukishuka Klingentor, barabara ya Klingengasse inakuteremsha moja kwa moja hadi kanisani. Hapa pana jambo ambalo ramani haikuambii vizuri: barabara yenyewe inapita chini ya kanisa, kwenye tao kubwa la mawe. Ni kibanda bora cha mvua. Simama humo, kung'uta koti, badilisha soksi kama zimelowa, ndipo uzunguke hadi mlangoni.

Kanisa lilijengwa kati ya 1311 na 1484. Kuna kiingilio kidogo cha wageni. Wakati wa ibada hakuna matembezi. Usikae chini tu ukatazama mbele. Panda ngazi za nyuma, upande wa magharibi, hadi kwenye roshani iliyo juu ya lile tao ulilojificha. Huko ndiko iliko Altare ya Damu Takatifu, kazi ya mchongaji Tilman Riemenschneider, iliyomalizwa 1505.

Ipe dakika ishirini kamili. Imechongwa kwa mti wa Linde na haikupakwa rangi, kwa hiyo mchongaji alitegemea mwanga na kivuli peke yake. Wingu likitanda, sura zinaonekana bapa ukiingia tu, na wengi huondoka hapo hapo. Subiri dakika nne au tano macho yazoee. Nuru inayotoka kwenye vioo vidogo vya nyuma itaanza kuzichora nywele, mikunjo ya nguo, mishipa ya mikono. Tazama katikati ya Karamu ya Mwisho: aliyesimama hapo ni Yuda, ameshika mfuko wa pesa, na Yesu anampa tonge. Sanamu hiyo ya Yuda imetengenezwa iweze kuchomolewa. Juu kabisa, ndani ya msalaba, kuna kito cha kioo kinachosemekana kuwa na damu takatifu, na ndicho kilichowavuta mahujaji hapa karne nyingi kabla ya watalii.

Ukirudi chini, altare kuu ya 1466, kazi ya Friedrich Herlin, ina mchoro wa uwanja wa soko wa Rothenburg kwenye mbawa zake kwa nyuma. Ni miongoni mwa picha za kale kabisa za mji huu. Uangalie kabla ya kwenda sokoni, utatambua mambo.

5. Kula mapema.

Hili watu hulikosea kila siku. Majiko mengi ya Ujerumani hufungwa kuanzia 14:00 hadi 17:00 au zaidi, na siku ya mvua kila mgeni anataka meza ya ndani. Kaa mezani kufikia 12:00, au 12:30 ukichelewa sana. Kibao kinachosema Ruhetag kina maana kwamba leo hawafungui kabisa.

Chakula cha eneo hili la Franken kinapenda nguruwe. Kama huli, neno la kuepuka kwenye menyu ni Schwein, yaani nguruwe, na Speck ni mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa, ambayo hujificha hata kwenye supu na viazi. Forelle ni samaki wa mtoni na mara nyingi ni salama. Käsespätzle ni tambi za jibini, lakini uliza kwanza: "Ist da Speck drin?" Supu ya viazi, Kartoffelsuppe, inapasha mwili kuliko chai, kwa sharti hilo hilo la kuuliza.

6. Uwanja wa soko: dakika kumi na tano, si zaidi.

Ofisi ya watalii iko hapo hapo, kwenye jengo la Ratstrinkstube. Chukua ramani, na uulize saa za siku hiyo za makumbusho unayoyataka, kwani kati ya Novemba na Machi mengi hufungua saa chache, mara nyingi mchana tu. Juu ya jengo hilo kuna saa yenye madirisha mawili yanayofunguka kila saa kamili, kuanzia 10:00 hadi 22:00, na sanamu ya meya Nusch ikinywa mvinyo. Kisa chenyewe ni cha 1631: inasemekana jenerali Tilly, aliyekuwa ameuteka mji, aliahidi kutouharibu mji kama kuna atakayemaliza kopo la zaidi ya lita tatu kwa mfululizo. Usisimame katikati ya uwanja ukilowa. Nenda chini ya matao ya jumba la mji, Rathaus, dakika tatu kabla ya saa kamili, utaona ukiwa mkavu. Onyesho ni fupi, wala si la kulipangia siku.

Mnara wa Rathaus una ngazi kama 220 na kibaraza chembamba juu. Mawingu yakiwa chini usiupande. Utalipa uone ukungu.

7. Makumbusho: chagua moja, na ulione vizuri.

Kwa wengi chaguo ni Mittelalterliches Kriminalmuseum, makumbusho ya sheria na adhabu za kale, mtaa wa Burggasse, hatua chache kusini mwa soko. Tenga saa moja na nusu hadi mbili. Weka begi na mwavuli kabatini, shuka kwanza sehemu ya chini kisha upande. Maelezo yapo kwa Kijerumani na Kiingereza.

Usikimbilie vyombo vya mateso ukaacha mengine. Vitu vinavyoeleza maisha ya watu hasa ni vya aibu: vinyago vya chuma alivyovishwa msengenyaji, ubao wenye umbo la fidla waliofungwa shingo na mikono watu waliogombana, na kizimba alichotumbukizwa majini mwokaji aliyewauzia watu mkate wenye uzito pungufu. Adhabu ilikuwa hadharani kwa sababu jina la mtu mbele ya majirani lilikuwa mali yake kubwa. Msomaji wa pwani au wa bara atalielewa hilo upesi. Yule "bikira wa chuma" mwenye misumari, ambaye kila mtu anampiga picha, msimweleze mtoto kwamba watu waliuawa ndani yake: habari za misumari ni za nyakati za baadaye sana. Na kwa ujumla, mwenye watoto wa chini ya miaka minane aende kwingine.

Kwingine huko ni RothenburgMuseum, kwenye Klosterhof, karibu na St. Jakob. Lilikuwa nyumba ya watawa wa kike wa Dominiko iliyoanzishwa 1258, na jiko lao la zamani bado lipo, na dari iliyosawijika kwa moshi. Kuna nafasi, kuna utulivu, na hata siku ya mvua hakuna msongamano.

Historiengewölbe ni vyumba vya chini ya Rathaus, vyenye magereza ambamo meya Heinrich Toppler alifia mwaka 1408. Inatosha nusu saa. Ni baridi humo, kwa hiyo usiingie ukiwa umelowa.

8. Duka la Krismasi na Schneeball.

Kona ya soko na Herrngasse kuna duka la Käthe Wohlfahrt, linalouza mapambo ya Krismasi mwaka mzima, na ghorofani pana Deutsches Weihnachtsmuseum, yaani makumbusho ya Krismasi ya Kijerumani. Watoto hulipenda. Njia ya ndani ya duka ni ndefu na nyembamba, vioo viko kila upande: begi la mgongoni libebe kwa mbele.

Schneeball ni unga uliokatwa utepe, ukakunjwa mviringo, ukakaangwa ndani ya kibanio cha chuma na kunyunyiziwa sukari. Mla visheti hatashangaa. Usiung'ate mzima, utapata sukari usoni na makombo kifuani. Uvunje ukiwa ndani ya mfuko wake, kisha ule vipande. Chagua ule wa kawaida wa sukari kabla ya wale waliopakwa chokoleti. Kwa Mwislamu, au yeyote asiyetumia: mapishi ya asili huwa na kileo kidogo kwenye unga, na baadhi ya wakaangaji hutumia mafuta ya nguruwe. Uliza hivi: "Ist da Alkohol oder Schweineschmalz drin?" Muuzaji analijua swali hilo.

9. Plönlein na ukuta wa kusini.

Saa mbili kabla ya treni yako, teremka Schmiedgasse hadi Plönlein, pale ambapo njia mbili zinaachana mbele ya nyumba ya manjano, kila moja ikiwa na mnara wake. Ndiyo picha ya kwenye kalenda. Mvua ina faida yake hapa: wapiga picha ni wachache, na mawe yaliyolowa yanarudisha taa za madirishani jioni inapokaribia. Futa lenzi ya simu kila unapopiga. Tone moja linaharibu picha yote.

Pita chini ya mnara wa Siebersturm, endelea Spitalgasse hadi mwisho, kwenye Spitalbastei, ngome ya mzinga ya karne ya 17. Tembea ndani ya njia zake zilizofunikwa, kisha panda ukuta hapo na urudi kaskazini chini ya paa. Nusu saa baadaye uko Rödertor. Shuka kwa uangalifu ule ule, kwani miguu imechoka na ngazi zimelowa kutwa nzima.

10. Ukilala hapa hapa.

Matembezi ya mlinzi wa usiku kwa Kiingereza huanza 20:00 uwanjani, msimu wa kuanzia machipuko hadi mwisho wa Desemba, mvua iwepo isiwepo. Ni karibu saa nzima ukiwa nje. Kama huna koti la maana, usiende. Mwenye kurudi na treni usiku aangalie kwanza treni ya mwisho, maana haifiki usiku wa manane.

MATATIZO NA UFUMBUZI WAKE

Viatu vimelowa hadi ndani. Vua, toa soli ya ndani, sokomeza karatasi za gazeti, badilisha baada ya saa moja. Usiviweke juu ya hita: ngozi hukakamaa na gundi huachia. Kama lazima uendelee kutembea, vaa soksi kavu, juu yake mfuko wa nailoni, kisha kiatu.

Radi. Ukuta ni salama kuliko uwanjani, lakini minara, kingo za bonde na miti mikubwa epuka. Ingia makumbusho na usubiri. Radi za kiangazi mara nyingi hupita ndani ya saa moja.

Foleni ndefu Kriminalmuseum. Hutokea kati ya 11:00 na 14:00, wakati mabasi ya watalii yamefika na mvua imewasukuma wote ndani. Rudi 15:00. Kabla ya hapo ingia Franziskanerkirche, Herrngasse, yenye altare nyingine ya Riemenschneider na watu wachache sana.

Sehemu ya ukuta imefungwa kwa matengenezo. Usiruke kizuizi. Rudi hadi ngazi za nyuma, shuka, fuata kichochoro kilichoambaa ukuta kwa ndani, kisha panda ngazi zinazofuata.

Una kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu. Ukuta haufai kabisa, ngazi zake ni kali. Tumia Herrngasse na soko, na upige simu makumbusho kabla ya kwenda kuuliza kama kuna lifti. Mtoto mdogo mfunge mgongoni kwa kanga, upande ukuta, ila mwangalie kichwa chake kwenye boriti.

Simu au kamera inafanya ukungu ukiingia ndani. Ni hewa ya joto inayogusa kioo cha baridi. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika kumi, ndipo uitoe.

Ni Jumapili na unahitaji kitu cha dukani. Maduka ya zawadi mengi hufungua kwa ajili ya watalii, lakini duka kubwa la vyakula limefungwa kisheria. Maji na vitafunio vinunue Jumamosi.

Ni majira ya Advent, yaani wiki za kuelekea Krismasi. Soko la Krismasi, Reiterlesmarkt, hujaza mji wikiendi. Njoo Jumanne au Jumatano.

Kila kitu kimefungwa, au mvua imezidi hata ukutani pameloa. Rudi Steinach na uende Würzburg, kama saa moja na dakika kumi jumla. Kutoka stesheni kuu ni dakika 15 kwa miguu hadi Residenz, kasri lililo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Juu ya ngazi zake kuu, Giambattista Tiepolo alichora dari nzima miaka ya 1752 na 1753 akiziweka mabara manne pembezoni, Afrika ikiwa na ngamia wake. Na mji huo ni ndugu wa Mwanza tangu 1966, kwa hiyo usishangae ukilikuta jina la jiji la Ziwa Victoria huko.